Mianzi Iliyoliwa Kabla ya Picha

Mwaka huu zamu ya ubalozi wa mtaa iliniangukia mimi, na kama mnavyojua, ubalozi hauna mshahara ila lawama unazo tele. Takataka zikitolewa siku isiyo yake, balozi. Mlima wetu wa volkano ukitema majivu na mifuko ya kuzolea majivu ikichelewa kuletwa, balozi. Paka wa mtu akizalia katika stoo ya mtu mwingine, balozi tena. Mume wangu Kiyoharu alisema niuchukulie kama mazoezi ya subira. Nilimwambia subira yangu niliimaliza yote mwaka ule alioniposa.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa lilikuwa mianzi.

Msitu wa mianzi wa Mzee Sakoda uko mgongoni mwa kilima, na sisi wengine tumejipanga chini yake hadi barabarani. Zamani ulikuwa msitu wenye adabu. Kila majira ya machipuko mzee alikuwa akichimba machipukizi yake, ambayo kwetu ni mboga, mengine anapeleka sokoni, mengine anatugawia, na mianzi iliyozeeka anaikata. Tangu mkewe afariki na magoti yake yagome, msitu umekosa wa kuukemea. Mizizi inatembea chini kwa chini, inapita chini ya barabara na chini ya kuta za watu, na kuibuka inaibuka inapopenda.

Asubuhi moja mwezi wa Aprili nilijikwaa katika chumba chetu cha mikeka, kile tunacholaza wageni. Mkeka ulikuwa umevimba katikati.

"Ni unyevu," Kiyoharu alisema bila hata kuinuka kwenye kiti.

"Unyevu una ncha?"

Nikaufunua. Ubao wa sakafu ulikuwa umepasuka, na katikati ya mpasuko kilikuwa kimesimama kitu cha kahawia chenye manyoya, kama pembe ya ng'ombe. Chipukizi la mwanzi. Ndani ya nyumba yangu, katika chumba nilichokisugua kwa miaka yote ya ndoa yangu! Nilipiga kelele iliyowafikia wa barabarani.

Kiyoharu akaja, akainama, akalitazama kwa mapenzi. "Wahenga walisema aliye juu mngoje chini," akasema. "Huyu wa Mzee Sakoda amepitia chini kabisa. Kalete kisu."

"Kalete simu!"

Nilipiga picha tatu, moja ya karibu, moja ya mbali, na moja nimeweka futi ya kupimia pembeni ili mtu asije akasema ni uyoga. Nikatoka kwenda kuanua nguo kabla majivu hayajazishukia. Niliporudi, chipukizi halikuwapo. Lilikuwa jikoni, ndani ya sufuria, limemwagiwa pumba za mchele na pilipili moja ya kuondoa ukakasi, na mume wangu amesimama juu yake na mwiko.

Siku hiyohiyo nilimpigia simu Michiyo, mtoto wa pekee wa Mzee Sakoda. Anaishi Fukuoka, mhasibu, mwanamke wa maneno machache. Nilimwambia mianzi ya baba yake imekuwa mgeni wangu wa kulala. Nilitegemea aombe radhi. Badala yake alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Mama Tokonami, umenipigia wakati mzuri," alisema. "Mwaka wa pili huu namsihi baba aje akae na mimi. Kuna mjenzi anataka kile kilima ajenge nyumba za kupangisha. Baba hataki. Ananiambia mianzi yake haijamdhuru mtu, majirani wanafurahi."

"Wanafurahi?" Nilikaribia kuitupa simu.

"Basi nisaidie. Nipigie picha, nyumba kwa nyumba, kila ilikotokea. Baba hasikii maneno, lakini haya anayo. Akiona kwa macho yake kwamba ameumiza watu, atakubali kuondoka. Nitakuja sikukuu za Mei."

Nikakubali palepale. Nasema wazi, siku ile nilitaka mianzi ile ing'olewe hadi mzizi wa mwisho, na kama mzee angelazimika kung'oka nayo, sawa, Fukuoka si mwisho wa dunia.

Kesho yake nikachukua ramani ya mtaa, kalamu nyekundu, simu na ile futi, nikaanza kazi. Nilianza kwa Mama Fukudome, jirani yangu wa chini, kwa sababu yeye ndiye mwenye kulalamika kuliko wote. Mwaka mzima hatuwezi kukutana penye kituo cha takataka asinipe habari za uzio wake. Jioni ya jana yake alinipigia mwenyewe: kuna chipukizi limeinua nguzo ya uzio, nije asubuhi nilione kwa macho yangu. Nilifika hata kifungua kinywa sijala. Nguzo ilikuwa imeinama kweli. Chini yake palikuwa na shimo, na dirisha la jikoni lilikuwa linatoa mvuke.

"Liko wapi?" nikamuuliza.

"Lipi?"

"Lililoinua uzio, Mama Fukudome."

"Aa, lile." Akafuta mikono kwenye aproni. "Lile lilikuwa karibu kutoa kichwa, mwenzangu. Jua likishalipiga linakuwa kakasi, hata ulichemshe na gunia zima la pumba. Sasa ningefanyaje? Nilitazame likizeeka?"

"Ulitazame likipigwa picha!"

"Basi piga sufuria."

Nikapiga sufuria. Nikapiga na shimo, futi ikiwa ndani yake. Kisha akanikalisha na kunipa bakuli, vipande vyeupe vimepikwa na mchuzi wetu mtamu wa soya, juu amenyunyizia yale majani machanga yenye harufu ya ndimu. Nikala. Mtu mwenye njaa hana msimamo.

Kwa Uchimura kinyozi mambo hayakuwa bora. Yeye chipukizi lilitokea chini ya bomba la maji ya mvua ubavuni mwa saluni, likalinyanyua bomba zima. Nilimkuta anamnyoa mteja.

"Umechelewa, balozi. Mama watoto amelipika na wali."

"Jamani! Mnaula ushahidi!"

"Haujaisha wote. Wali umebaki, nikufungie?"

"Uchimura, wiki iliyopita ulisema utakwenda kushtaki manispaa."

"Wiki iliyopita nilikuwa sijala." Mteja akacheka mpaka wembe ukabidi uondolewe shingoni. "Mla ni mla leo, balozi. Mla jana kala nini?"

Nilijaribu kuwahi zaidi. Nikaanza kupita alfajiri, nao wakaanza kuchimba alfajiri, maana chipukizi tamu ni lile unalolikuta bado liko chini ya udongo, na watu wangu wote wamelelewa hivyo. Kisheria pia huwapati. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba mzizi wa jirani ukivuka mpaka ukaota kwako, ni wako, kata, kula. Hapo ndipo ugumu wa kazi yangu ulipokuwa. Kila mtu alikuwa na malalamiko, na kila mtu alikuwa ameshayatafuna.

Nikatumia ukali wa cheo. Niliandika tangazo kwa herufi kubwa: TAFADHALI MSICHIMBE CHIPUKIZI LOLOTE KABLA BALOZI HAJALIPIGA PICHA. Nikalibana kwenye ule ubao wa matangazo unaopitishwa nyumba kwa nyumba. Ubao ulizunguka ukarudi mlangoni kwangu, kila nyumba imegonga muhuri wake kuonyesha imesoma na kuelewa. Kwenye kitasa ulining'inia mfuko wa machipukizi yaliyokwisha kuchemshwa, wa shukrani kwa kazi ngumu ya balozi.

"Watu wazuri hawa," Kiyoharu alisema, akiufungua.

Mahali pekee nilipopata picha za kueleweka ni nyumba ya akina Hamasaki, ambayo haina mtu tangu watoto wawahamishie wazee mjini. Pale mianzi ilikuwa imejimilikisha. Ilikuwa imepita katikati ya ukumbi wa mbele, imesukuma vigae vya paa, imesimama minene kama paja la mtu. Nilipiga picha mpaka mkono ukachoka. Jioni nilipoketi kutia wino mwekundu kwenye ramani, wekundu wote ulikwenda kwenye nyumba ya Hamasaki na kile kiwanja kitupu nyuma yake. Kwingine kote, kwenye nyumba zenye watu na majiko, ramani ilibaki nyeupe, na vialama vidogo tu vya mashimo. Niliitazama kwa muda. Nikaikunja, kwa sababu ilikuwa inaniambia jambo ambalo sikuwa na hamu ya kulisikia.

Ilibaki kupiga picha msitu wenyewe. Nikapanda.

Nilimkuta Mzee Sakoda amekalia kreti ya bia iliyopinduliwa, anamenya maganda, kilemba cha taulo kichwani.

"Karibu, balozi. Nasikia unapiga watu picha. Nichane nywele?"

"Huna nywele, mzee."

"Ndiyo maana nikauliza."

Akaniashiria upande wa karibu na nyumba. Mianzi ya pale ilikuwa imesimama kwa nafasi, mirefu, ya kijani, na mwanga ukishuka katikati yake mpaka chini. "Piga hapa," alisema. "Hapa unapita na mwavuli umefunguliwa wala hauguswi. Baba yangu alikuwa anasema msitu usiopitisha mwavuli si msitu, ni uchafu." Kisha akanyoosha kidole upande wa pili, kule kunakotelemkia kwetu, mianzi iliyokufa ikiwa imeegemea iliyo hai, giza tupu. "Kule usinipige. Magoti yangu hayafiki kule."

Nikapiga pande zote mbili. Aliniona. Akaendelea kumenya.

"Michiyo anakuja," akasema baadaye. "Anataka kunipeleka kwake. Ghorofa ya tisa. Lifti ipo, bafu lina pa kushikia, sakafu safi haina hata ufa. Ni mtoto mzuri, simlaumu." Akavua buti moja, akausogeza mguu wake kwenye majani makavu polepole, huku na huku, mpaka ukasimama. "Njoo. Kanyaga hapa."

Nikavua kiatu nikakanyaga. Udongo ulikuwa wa baridi na laini, na chini yake kulikuwa na kitu kigumu, kidogo, kama ngumi ya mtoto inayosukuma.

"Hilo kesho litatoka," Mzee Sakoda alisema. "Sasa kule ghorofani, balozi, nitakanyaga nini?"

Habari ya sakafu yangu ilikuwa imenifika kwenye ulimi, nikaimeza. Akanifungia machipukizi mawili kwenye gazeti, makubwa, nikashuka nayo kwapani nimekasirika kwelikweli, na sikujua nimemkasirikia nani.

Michiyo alifika sikukuu za Mei kama alivyoahidi, na kasha la keki za Fukuoka kwa ajili ya majirani. Tulikusanyika kwenye ukumbi wa mtaa, sisi sote tumekaa sakafuni, isipokuwa Mzee Sakoda aliyewekewa kiti mbele kwa sababu ya magoti. Alikuwa amevaa koti la suti. Nilipoliona lile koti nilijua kwamba anajua ameitiwa nini.

Picha zangu nilikuwa nimezibandika kwenye ubao, kwa mpangilio wa nyumba. Michiyo akaanza kuzipitia, mgongo umenyooka, kama anakagua hesabu.

"Hii ni nini?"

"Shimo," nikasema.

"Na hii?"

"Shimo."

"Hii nayo?"

"Hilo ni sufuria la Mama Fukudome."

"Hii hapa?"

"Wali wa Uchimura. Kusema haki, huo alibakiza."

Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Michiyo hakucheka. Alisogea mbele ya kila mtu, akauliza kwa heshima: je, mianzi ya baba imekudhuru? Na hapo ndipo niliposhuhudia maajabu. Watu walionimaliza masikio mwaka mzima walikuwa wapole kama maji ya mtungini.

"Mimi? Hapana," alisema Mama Fukudome, akitazama magoti yake. "Uzio umesogea kidogo tu. Ulikuwa unataka kusogea siku nyingi."

"Bomba ni bomba," alisema Uchimura. "Linanyanyuka, linashuka."

Wangesemaje? Mwenyewe alikuwa amekaa pale, na koti lake, na hakukuwa na mmoja wetu ambaye hakuwa amekula machipukizi ya mzee yule mwezi mzima. Ilipofika nyumba ya Hamasaki, hapakuwa na wa kuisemea. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ikabaki picha moja, ya mwisho. Ningeweza kuiacha nyumbani. Usiku uliotangulia niliitoa kwenye bahasha nikairudisha, nikaitoa tena, mwisho nikasema balozi aliyetumwa kupiga picha haonyeshi nusu. Michiyo aliibandua akaisogeza karibu na macho.

"Hii ni ndani ya nyumba," alisema.

Akaipeleka kwa baba yake, akamwekea mikononi, na sauti yake ilikuwa ya upole sana. "Baba, tazama. Imetoboa sakafu ya Mama Tokonami."

Mzee Sakoda akavaa miwani. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, mkeka uliofunuliwa, ubao uliopasuka, pembe ile ya kahawia. Kisha akafanya jambo ambalo sitaki kuliona tena. Alishika mkono wa kiti, akajishusha chini, na yale magoti yasiyokunjika akayakunja, tukayasikia yakilia, mpaka paji la uso wake likagusa sakafu mbele yangu.

"Sikujua," alisema. "Nimeitoboa nyumba ya mtu. Naomba radhi, Mama Tokonami. Naomba radhi sana." Na bila kuinua kichwa akasema, "Michiyo, nitakwenda. Waambie hao wajenzi."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Ndicho nilichokipigia picha mwezi mzima. Na nilipoitazama shingo ile nyembamba, imeungua kwa jua, imeinama kwa ajili ya ubao wangu mmoja, moyo wangu uliuma. Mimi nikiumwa moyo, kinachotoka ni hasira. Ndivyo nilivyoumbwa.

"Uende wapi?" nikafoka. "Nani amekuruhusu?"

Akainua uso.

"Unanitobolea sakafu halafu unakimbilia ghorofa ya tisa? Mpaka Fukuoka? Ndiyo adabu hiyo, mzee? Mimi wageni wangu watalala wapi? Hutoki kwenye kilima kile mpaka sakafu yangu iwe imetengenezwa, ubao kwa ubao, na wewe umesimama pale unaona!"

"Hisae," Kiyoharu alininong'oneza, "hivi tunamfukuza au—"

"Nyamaza. Wewe ndiye uliyekula ushahidi."

Michiyo alinikodolea macho kana kwamba nimemgeuka, na kweli nilikuwa nimemgeuka. Kisha Mama Fukudome akajisogeza mbele kwa magoti.

"Na uzio wangu?" akasema.

"Umesema uzio hauna neno," Michiyo akamjibu.

"Nilisahau. Umelala kabisa. Mbaya mno! Mtu wa Fukuoka hawezi kuninyooshea uzio, lazima awe hapahapa."

"Bomba langu je?" Uchimura akadakia. "Mvua zikija, maji yote saluni. Nitanyoa watu wanaelea? Simwachi mzee aondoke na deni la bomba langu."

"Bwawa la samaki wangu," sauti nyingine ikatoka nyuma. "Ngazi zangu," ikatoka nyingine. Mtu ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, ambako hakujawahi kufika hata jani la mwanzi, alisema anahisi kitu kinasukuma chini ya bafu. Walikuwa wanadai kwa kelele, wanapigana vikumbo, na Mzee Sakoda katikati yao amekaa sakafuni, kichwa kinageuka huku na huku.

Michiyo hakuwa mjinga. Alielewa upesi, nami nikaona macho yake yanajaa. "Mnafanya mchezo," alisema. "Mimi si mtoto mbaya. Nyinyi mnalala na watu wenu. Mimi kila usiku nawaza, akianguka kule juu peke yake, nani atajua? Nani?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na lilistahili jibu la haki. Nikatoa ramani yangu, nikaikunjua mbele yake.

"Tazama wewe mwenyewe," nikasema. "Penye wekundu ndipo mianzi ilipoharibu. Ni pale pasipo na mtu. Penye watu wanaochimba na kula, hakuna hata mwanzi mmoja uliokua. Baba yako haumizwi na mianzi, wala sisi. Kinachotuumiza ni kwamba sisi tunakula cha chini na hakuna anayepanda kule juu magoti yake yasikofika. Kuanzia kesho tunapanda. Nyinyi nyote, mmenisikia? Saa kumi na mbili asubuhi, na majembe, na misumeno, tunaanza na ule upande wa giza, kisha nyumba ya Hamasaki. Mdomo unaokula na mkono uchimbe." Nikamgeukia tena Michiyo. "Na kuhusu kuanguka, ondoa shaka. Mdai hakosi mlangoni. Mimi namdai sakafu. Nitakuwa mlangoni kwake kila asubuhi nikiidai, na asipofungua nitauvunja."

"Jumatatu ni zamu yangu kudai," alisema Uchimura. "Jumatatu nafunga saluni."

Watu wakacheka, ila Michiyo. Aliinama kwa baba yake. Uchimura na Kiyoharu walikuwa wamemshika kwapa wanamwinua, naye anauma meno kwa sababu ya magoti.

"Baba," alisema, "watu wote hawa wanakudai. Utamaliza lini?"

Mzee Sakoda akarudishwa kwenye kiti. Akavuta koti lake likae sawa. Picha ya sakafu yangu bado alikuwa nayo mkononi, imekunjamana.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Kila mwaka yanaota mengine."

Michiyo akajifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika, na kwa muda sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko, nadhani hata yeye hakujua. Alipovifunua, wanja ulikuwa umemshuka mpaka mashavuni. Akavitazama viatu vyake vya mjini vilivyopangwa pale mlangoni pamoja na vya watu wengine wote. Halafu akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye balozi, kama kuna mtu hapo mtaani anayeweza kumwazima buti za kesho.